Nani Kamhamisha Mazu wa Yankang?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, siku ya Jumatano, Shangazi A-shui alifungua mlango wa hekalu, akawasha taa, akainua macho kwenye madhabahu. Kiti kilikuwa kitupu. Alitoka nje, akafunga mlango, akaufungua upya, kana kwamba kosa lilikuwa la mlango. Kiti kilikuwa kitupu vilevile. Mazu, Mama wa Bahari, sanamu ya mti yenye uso mweusi kwa moshi wa vizazi vitano, hakuwapo.

Sajini Wen Jui-lan alifika kabla ya saa moja, kikombe cha maziwa ya soya mkononi. Kituo chake kilikuwa ng'ambo ya uwanja wa hekalu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kwa kasi yake. Wenzake kituoni walikuwa na msemo kwamba Wen angeweza kumuuliza hata maiti kama amekula, akajibiwa. Kuuliza ndiyo ilikuwa starehe yake. Watu wengine hucheza karata.

"Nani ana ufunguo?" aliuliza.

"Mimi," alisema A-shui. Alitoa uzi shingoni, ufunguo ukaning'inia. "Ni huu mmoja, afande. Sijauvua hata nikioga."

"Na kufuli?"

"Lilikuwa limefungwa. Nimelifungua mwenyewe."

Wen alilitazama kufuli. Halikuwa na mkwaruzo. Aliingia ndani kwa uangalifu, kwa sababu siku hizi mtu aingiaye hekalu la Yankang hushuka ngazi mbili. Wazee walikumbuka wakizipanda tatu. Ardhi ya mtaa ule ilikuwa inazama, na hekalu lilizama kuliko kila kitu, na bahari ikijaa sana maji yalifika hadi miguuni pa madhabahu. Sababu yake kila mtu aliijua, au alidhani anaijua: Mazu alikuwa amekasirika. Tangu walipompa mjane A-shui ufunguo, ndivyo walivyosema wanawake sokoni, na mjane mwenyewe aliwasikia.

Juu ya meza ya madhabahu palikuwa na chetezo kikubwa cha shaba. Wen alichungulia. Majivu yalikuwa yamesawazishwa vizuri, ila upande mmoja palikuwa na shimo dogo, kana kwamba mtu amechota kwa kijiko.

"Haya umeyachota wewe?"

"Hata! Majivu ya Mama hayachotwi hivihivi. Huchotwa anapohamishiwa mahali pengine. Bila majivu ya chetezo chake hawezi kukaa popote, atakuwa gogo tu."

Wen aliinama. Sakafuni, mbele ya kiti kitupu, vibao viwili vya ramli vilikuwa vimelala, kimoja kifudifudi, kingine chali. Hapo hakuhitaji kuuliza, maana hata mtoto wa Yankang anajua kwamba vikilala hivyo Mama amesema ndiyo.

"Basi mwizi wetu ameomba ruhusa," alisema. "Mwizi mwenye adabu. Sijawahi kumpata wa namna hii."

"Usifanye mzaha, afande," alisema A-shui. "Keshokutwa ndiyo siku yenyewe."

Keshokutwa, Ijumaa saa tatu asubuhi, mtaa wote ulikuwa ukutane pale kumuuliza Mazu swali moja. Jiji la Kaohsiung lilikuwa na mpango wake mkubwa wa hewa na bahari: mabasi ya umeme, paneli za sola juu ya mabwawa ya samaki, visima vyote vya siri kuzibwa, moshi wa udi na karatasi za sadaka kupunguzwa. Na katika mitaa inayozama, jengo moja linyanyuliwe kwa jeki, juu kupita kichwa cha mtu, liwe kimbilio siku ya tufani. Yankang ilichaguliwa iwe ya kwanza, na jengo lilikuwa hekalu. Lakini nani atanyanyua nyumba ya mwenyewe bila kumwuliza? Jibu lilitakiwa Ijumaa adhuhuri. Lisipopatikana, jeki zingepelekwa mtaa mwingine, na tufani za mwaka zilikuwa mlangoni.

Nje palisikika kikohozi. Mwenyekiti wa kamati ya hekalu, Tu Chin-fa, aliingia akipangusa jasho. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, tajiri wa samaki aina ya chewa, na picha yake ilikuwa kwenye mabango ya jiji: *Mwenyekiti Tu asema, kijiti kimoja cha udi kinatosha.* Aliitazama madhabahu, akafunga macho.

"Ufunguo ni mmoja," alisema hatimaye. "Mimi sisemi kitu, afande. Sisemi kitu."

Wen alikuwa amegundua zamani kwamba watu wasiosema kitu husema kingi.

Alizunguka nyuma ya madhabahu, akasukuma pazia. Palikuwa na mlango mdogo wa mbao, na karatasi nyekundu ya mwaka mpya ilikuwa imebandikwa kukatiza ufa wake. Karatasi ilikuwa imekatwa wima, kwa wembe au kisu, safi kabisa.

"Huku ni wapi?"

"Stoo ya machela ya Mama," alisema Tu. "Machela ile ya kumbebea siku ya sikukuu. Mlango huu una komeo kwa ndani. Stoo ina mlango wake mwingine, wa upande wa mabwawa yangu. Ufunguo wa huo ninao mimi."

"Karatasi imekatwa."

"Ah, hiyo! Wiki iliyopita mafundi wa jiji walipita kupima. Niliwafungulia mwenyewe."

Wen aliweka sikio kwenye mbao. Kulikuwa na mvumo mdogo ndani, wa chini chini.

"Ni mashine ya kukausha unyevu," alisema A-shui. "Machela imechongwa yote, chumvi ya bahari ingeila. Huvuma mchana kutwa siku za joto kali."

"Nani anamwaga ndoo yake?"

"Ndoo gani?"

"Ndoo ya maji. Ya mashine."

A-shui alikunja uso. "Sijawahi kuiona ndoo, afande. Mimi siingii humo."

"Namwaga mimi," alisema Tu upesi. "Afande, tusipoteze muda na ndoo. Mama yetu kaibiwa!"

Wen alikubali kwamba hilo nalo lilikuwa kweli. Akafunga hekalu kwa utepe wa polisi, akaamuru asiingie mtu wala kisiwashwe kijiti mpaka atakaposema.

*

Mtu wa kwanza aliyetajwa na mtaa alikuwa Mzee Kuo Tien-lu, na sababu ilikuwa kinywa chake. Katika mkutano uliopita alisimama juu ya kiti akasema kwamba kabla hawajampandisha Mazu juu ya jeki kama gari bovu, yeye atambeba mgongoni aondoke naye.

Wen alimkuta saa nne kwenye bwawa lake la mwatiko, akitupa chakula cha samaki kwa hasira, kana kwamba samaki nao walikuwa wanakamati.

"Umekuja kunikamata," alisema Kuo. "Nisubiri nimalize. Hawa hawana kosa."

"Umemchukua?"

"Ningependa. Kuna mtu kanitangulia."

"Ulisema mbele ya watu mia kwamba utamchukua."

"Nilisema pia mbele ya watu mia kwamba mke wangu anajua kupika. Maneno hayo unayaamini?"

Wen alicheka. Ndipo alipokiona kipande cha kitambaa cha gunia kilichobanwa kwenye mkono wa shati la mzee.

"Nani kafariki?"

"Kaka yangu. Mwezi uliopita." Sauti ya Kuo ilishuka. "Tangu hapo sijavuka kizingiti cha hekalu, na sitavuka mpaka matanga yaishe mwakani. Nasimama uwanjani, nampungia Mama mkono kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Mwenye msiba hamgusi Mama, afande. Ukisikia Kuo kafanya hivyo, ujue Kuo naye kafa."

Wen alimwamini. Mzee anayeogopa kuvuka kizingiti hawezi kuchota majivu.

"Kwa nini unaupinga mpango?"

"Siupingi. Napinga wanaouongoza. Kiangazi kilichopita joto lilikuja, maji ya mabwawa yakawa supu. Samaki wangu wakaelea, wa jirani wakaelea, harufu ikafika mpaka mjini. Unajua wa nani hawakuelea?"

"Wa nani?"

"Wa Tu. Chewa wake walikuwa wanacheza! Tukamuuliza siri, akasema, 'Mama ananipenda.' Basi mimi nikasema, mtu apendwaye hivyo na Mama kwa nini anataka kumpandisha juu ya jeki?" Alitema mate kando. "Lakini mimi ni mzee tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tumevaa nguo nyingi."

*

Mtu wa pili alikuwa Injinia Yeh Shao-wei, kijana wa ofisi ya jiji iliyosimamia mpango, muumini wa kanisa, mwenye haraka. Mama wa mgahawa wa supu alimsikia wiki ile akisema, "Laiti hiyo sanamu ingepotea tu, kazi ingekwisha."

Alikuja kituoni saa nane mchana, kompyuta kwapani, masikio mekundu.

"Nilisema, ndiyo. Nilikuwa nimechoka. Miaka mitatu nimepigania jeki hizi, afande. Nimepima, nimebishana na wakubwa, halafu naambiwa uamuzi uko kwa vibao viwili vya mti! Lakini sikumwiba. Akipotea, mimi ndiye ninayepoteza kazi yote."

"Mwizi alichota majivu kidogo kwenye chetezo," alisema Wen. "Unadhani kwa nini?"

Yeh alifikiri kwa bidii, kama mwanafunzi mwema. "Ili... apime kiwango cha moshi?"

Wen aliinamia kikombe chake asionekane akicheka. Mtu anaweza kujifanya mjinga, lakini ujinga wa namna ile ulikuwa wa kuzaliwa nao.

"Nionyeshe ramani yako."

Ramani ilionyesha Yankang yote kwa rangi. Palipozama kidogo palikuwa na kijani, palipozama sana palikuwa na nyekundu. Nyekundu ilikuwa duara, mfano wa sahani ya supu, na katikati ya sahani palikuwa na hekalu.

"Kwa nini hapo hasa?"

"Nilidhani uzito wa jengo."

"Kituo chetu kina ghorofa nne za zege. Kwa nini hatuzami sisi?"

Yeh aliikodolea macho ramani. "Ndiyo maana nilitaka kutoboa udongo pale," alisema polepole. "Ardhi ya pwani hii huzama watu wanapovuta maji ya chini. Lakini hapo hakuna kisima. Nilimwambia mwenyekiti kwamba Mazu akikubali Ijumaa, Jumamosi naanza kutoboa ndani ya stoo ya machela, maana hapo ndipo jeki kubwa itakapokaa."

"Ulimwambia lini?"

"Jumatatu."

"Na wiki iliyopita, ulipopima humo stoo?"

"Sikuingia stoo. Nilipima nje, ukutani. Mwenyekiti alisema ni mwiko kuingia kabla Mama hajakubali." Alimtazama Wen. "Kwani kuna nini?"

"Sijui bado," alisema Wen, na ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimfurahisha. Tu alisema amewafungulia mafundi, na fundi alisema hakufunguliwa. Mmoja wao alikuwa mwongo, na njia ya mwongo ni fupi.

*

Hata hivyo, Alhamisi asubuhi mambo yalimgeukia Shangazi A-shui. Kamati ilikaa bila kungoja polisi. Mwizi, walisema, alikuwa mtu wa ibada. Kuo alikuwa na msiba, Yeh hakujua majivu ni nini, na kufuli halikuvunjwa. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa nani? Mwenyekiti Tu, kwa sauti yake laini, alipendekeza wamsamehe bila kumshtaki, mradi aondoke kwenye chumba cha ubavuni mwa hekalu alichoishi, kabla ya Ijumaa jioni.

A-shui alikuja kituoni kumletea Wen habari hizo. Hakukaa.

"Nimefagia pale miaka sita," alisema. "Sina mtoto, sina kiwanja. Nikitoka pale natoka kama mwizi wa Mama, na hakuna mtaa utakaonipokea. Niambie tu kama nawe unaamini, afande, nijue."

Wen alitaka kusema haamini, lakini alikuwa mtu wa haki na hesabu zilikuwa mbaya. Kila alama aliyoiona kwa macho yake ilimwelekea mwanamke huyu. Ila A-shui ndiye aliyetaka hekalu linyanyuke kuliko wote, kwa kuwa miguu yake ndiyo iliyolowa kila bahari ilipojaa. Kwa nini auharibu mkutano?

Kabla hajajibu, chumba cha mafaili kilianza kulia: pii, pii, pii.

"Ndoo!" alifoka mkuu wa kituo kutoka ndani. "Nani wa zamu ya ndoo leo? Mashine imejaa!"

Konstebo mmoja alitoka akinung'unika, amebeba ndoo ya mashine ya kukausha unyevu, iliyojaa maji hadi ukingoni. Aliimwaga chooni, akairudisha. Ilikuwa hivyo kila asubuhi na kila jioni, katika kila nyumba ya pwani ile. Usipoimwaga, mashine hujizima.

Wen alisimama.

"Shangazi, mashine ya stoo hulia?"

"Kulia?"

"Pii, pii. Ndoo inapojaa."

"Haijawahi. Huvuma tu, tangu asubuhi mpaka jioni, joto likizidi."

"Na mwenyekiti huja kumwaga ndoo?"

"Mwenyekiti?" A-shui alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. "Huja na sikukuu, afande. Mara mbili kwa mwaka."

Wen alikunywa soya yake yote kwa mkupuo. "Usifungashe kitu," alisema. "Nenda kalale."

*

Saa kumi alasiri alibisha hodi kwa Tu. Nyumba ilikuwa ya ghorofa tatu, kwenye kilima kidogo cha udongo wa kupandishwa, safi kama hospitali. Tu mwenyewe alimmiminia chai. Katika kona ya sebule palikuwa na madhabahu ya mababu, na badala ya mishumaa palikuwa na vitaa vyekundu vya umeme.

"Huwashi udi?" aliuliza Wen.

"Miaka miwili sasa! Tulipoanza kuwaambia watu wapunguze moshi, nikasema mfano uanzie kwangu. Nyumbani kwangu hakiwaki hata kijiti kimoja. Mababu wameelewa." Tu alijipigapiga kifua. "Hewa ya watoto wetu, afande."

"Na wiki hii?"

"Wiki hii vilevile."

Wen alivuta pumzi taratibu kupitia mvuke wa chai. Kulikuwa na harufu ya sandali, udi ule wa hekaluni. Haikuwa kali, lakini ilikuwa mpya, na ilikuwa ikishuka ngazi kutoka juu.

"Nasikia sandali," alisema.

Tu alicheka kidogo. "Labda shati langu. Nimetoka hekaluni."

"Hekalu nimelifunga tangu jana asubuhi, mwenyekiti."

"Basi la jana. Nguo hushika harufu."

Wen alitazama shati. Lilikuwa jeupe, limepigwa pasi, na mistari ya pasi ilikuwa bado imesimama. Alisifu chai, akaomba kikombe cha pili, akakimaliza, akaaga. Barabarani alimpigia simu mwendesha mashtaka kuomba hati ya upekuzi. Alipomweleza kwamba ushahidi wake ni ndoo ambayo haipo na harufu, mwendesha mashtaka alimwomba arudie. Kisha akasikia kuhusu karatasi nyekundu, samaki na ramani, akaandika hati.

*

Ijumaa saa tatu, hekalu lilijaa hadi uwanjani. Mzee Kuo alisimama nje hasa, vidole vya miguu vikigusa kizingiti bila kukivuka, akiwaambia waliokuwa mbele yake wainamishe vichwa aone. Yeh alikuwa karibu na nguzo. A-shui alikaa peke yake kwenye benchi, na pande zote mbili za benchi lile zilikuwa tupu.

Tu alisimama mbele ya kiti kitupu. "Ndugu zangu, bila Mama hatuwezi kuuliza. Bila kuuliza hatuwezi kujibu. Nitaliandikia jiji kwa masikitiko kwamba Yankang itangoja zamu nyingine."

"Kabla hujaandika," alisema Wen, "nifungulie stoo."

"Ni mwiko, afande. Nimekwisha..."

"Uliniambia uliwafungulia mafundi. Fundi ni huyu hapa. Injinia, uliingia?"

"Sikuingia," alisema Yeh.

"Basi karatasi nyekundu ilikatwa na nani? Si kwa upande wa hekalu, maana komeo liko stooni. Aliyekuja Jumanne usiku alifungua stoo kwa ufunguo, akatoa komeo, akasukuma, akakata karatasi kupitia kwenye ufa. Hakuhitaji ufunguo wa shingoni mwa shangazi. Ufunguo wa stoo ni wa nani?"

Watu walinong'ona. Tu alipangusa jasho.

"Nina mashine ya thamani humo," alisema.

"Ndiyo nataka kuiona. Mashine ya kukausha unyevu isiyo na ndoo. Hapa kuna mtu ana mashine isiyojaa?"

"Yangu hujaa hata nikiitazama tu!" alipaza sauti mwanamke mmoja, na watu wakacheka.

Wen aliinua hati. Konstebo alichukua ufunguo mkononi mwa Tu, akazunguka nje. Muda si muda komeo liligonga, mlango mdogo ukafunguka nyuma ya pazia. Yeh ndiye aliyeingia kwanza, akapitia kando ya machela iliyofunikwa turubai, akapiga magoti. Waliomfuata waliona bomba nene likitoka sakafuni, pampu iliyopakwa mafuta vizuri, na bomba jingine likipenya ukutani kuelekea mabwawa ya chewa.

"Kisima," alisema Yeh. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata jibu na anatamani asingelipata. "Kisima kirefu. Ndiyo katikati ya sahani."

"Samaki wake hawakufa!" Mzee Kuo alipiga kelele kutoka nje. "Maji baridi ya chini! Na akatuambia anapendwa!"

Wen alimgeukia Tu. "Jumatatu injinia alikwambia atatoboa humu Jumamosi. Ulikuwa umeupigia debe mpango huu kwenye mabango yote, hukuweza kuukataa. Ulichoweza ni kuzuia swali lisiulizwe. Mama asipokuwapo, haulizwi. Yuko nyumbani kwako ghorofa ya tatu, amekaa juu, anatazama bahari, ana chai na ana kijiti cha sandali. Ungemficha gizani bila moshi, nisingempata. Lakini hukuthubutu."

"Ningethubutuje?" alisema Tu. Ulaini ulikuwa umetoka katika sauti yake, na pengine sasa ndiyo ilikuwa sauti yake halisi. "Mama akae bila udi? Na vitaa vya umeme? Mimi si mshenzi." Aliwatazama watu. "Kisima alichimba baba yangu, zamani, kabla ya hekalu kupanuliwa juu yake. Nilikikuta. Nilisema mwaka huu ndio wa mwisho. Halafu joto likaja. Mngefanya nini? Ni maji kidogo tu!"

"Kidogo?" alisema Yeh. "Umeshusha mtaa mzima."

"Nilimuuliza! Kila mwaka nilimuuliza Mama kwa vibao. Na Jumanne pia nilimuuliza kabla sijamgusa. Alikubali."

"Kwa kurusha mara ya ngapi?" aliuliza Wen.

Tu alitazama sakafu; kila mtu pale alijua kwamba vibao vikikataa, mwenye haraka hurusha tena hadi vikubali. Kicheko kilianzia nyuma, kikafika mbele, kikafa chenyewe, kwa sababu kila mmoja aliikumbuka sebule yake na maji yaliyoingia.

"Mchuma janga hula na wa kwao," alisema Kuo, na safari hii hakupaza sauti.

Mazu alirudi saa nne na nusu, amefunikwa mwavuli mwekundu, na majivu yake yakarudishwa kwenye chetezo. Makamu wa mwenyekiti aliuliza kama Mama anaridhia nyumba yake inyanyuliwe na kile kisima kizibwe. Jibu lilikuja kwa kurusha kwa kwanza. Yeh, muumini wa kanisa, alionekana akijipangusa macho, akatoka nje kulipigia jiji simu kabla ya adhuhuri.

Wen alimtoa Tu kwa mlango wa mbele. Walipofika kwenye benchi, Tu alisimama. Lilikuwa limejaa watu sasa, wote wamemsogelea A-shui, mmoja amemshikia chai, mwingine mkoba, wanawake walewale wa sokoni.

"Shangazi," alisema Tu, "nisamehe. Sikutaka wakusingizie. Mambo yalikwenda tu."

A-shui alimtazama. Hakuonekana na hasira, ila uchovu wa mtu aliyeambiwa atue mzigo aliodhani ni wake.

"Miaka sita," alisema, "kila alfajiri kabla sijafagia nilipiga magoti pale nikamwomba Mama anisamehe. Niliona nyumba yake inazama, watu wanasema ni mimi, nami nikaamini ni mimi. Sikujua kosa langu ni lipi. Basi nikayataja yote niliyoyakumbuka, hata ya utotoni, hata wivu, hata hasira niliyomfanyia marehemu mume wangu. Yalipokwisha nikaanza upya." Alielekeza kidole kwenye pazia. "Na wewe ulikuwa unanisikia. Stoo iko nyuma tu ya madhabahu. Ulikuja kuwasha pampu asubuhi ngapi, nami nipo magotini?"

Wen alimshika Tu mkono, wakapanda ngazi zile mbili hadi uwanjani, ambako gari lilikuwa linangoja.